Mrejesho: Binti yangu amepata shule ya densi Kisumu

Wapendwa, mwezi jana niliwauliza nimpeleke wapi binti yangu wa miaka 7 ajifunze densi hapa Kisumu. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kutazama darasa kabla ya kulipa. Shule ya kwanza, niliyoipenda kwa picha, haikutaka mzazi aingie. Nilichungulia mlangoni: vigae juu ya saruji, watoto wanaruka pekupeku. Mmoja wenu alikuwa amenionya kwamba sakafu ngumu huumiza magoti na vifundo. Nikaondoka.

Ya pili iko Milimani, chumba kidogo, lakini sakafu ni ya mbao inayonesa ukiikanyaga. Nilikaa kwenye benchi saa nzima. Mwalimu alianza kwa kuwapasha misuli moto. Mtoto mmoja aliposhindwa kugeuka, mwalimu alipiga magoti wakalingana macho, akamwonyesha polepole. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikamuuliza kuhusu viatu vya baleti vya kusimamia ncha za vidole. Akasema hamvishi mtoto kabla ya miaka 11 au 12, kwa sababu mifupa ya miguu bado haijakomaa.

Tena anafundisha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mama yangu ni Mwidakho. Aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake jikoni, wakaanza kuchezesha mabega.

Tumelipia muhula mmoja kwanza. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi mtoto ameshavaa, ananingoja mlangoni.