Wauza spea wa Kisumu: hiyo aisii si NE5532, ni 4558 iliyofutwa jina!

Imetosha sasa. Kondele ni hivyo, Nakuru ni hivyo: wufa ikinguruma, fundi hagusi mita. Anachomoa aisii ya priampu (chipu ndogo ya kukuza sauti, kama NE5532 au 4558), anachomelea nyingine, anadai pesa yake. Mngurumo uko palepale!

Stima yetu ni 50 Hz. Ikipita kwenye dayodi nne inakuwa 100 Hz, na kapasita ya 2200 µF ya kulainisha stima hiyo ikishakauka, mngurumo huo unaingia moja kwa moja kwenye spika. Aisii ina kosa gani hapo? Pima kwanza. Pini ya 8 iwe na +12 au +15, pini ya 4 iwe na kiasi hicho hicho cha hasi. Hasi ikikosekana, angalia 7912 au 7915, yaani regyuleta ya volti hasi, kwa sababu aisii nzima kabisa bila hasi itatoa volti za ajabu pini ya 1 na ya 7. Pande zote mbili zikiwepo, pini ya 3 ikiwa sifuri na ya 1 imekwama kwenye volti 11, hapo ndipo uilaumu.

Na hizo aisii zenyewe! Mwauza 4558 iliyokwanguliwa na kuandikwa upya. NE5532 halisi ina dayodi mbili zilizopeana mgongo kati ya pini 2 na 3. Weka mita kwenye alama ya dayodi, aisii ikiwa nje ya bodi: lazima isome kama 0.6 au 0.7, kisha ugeuze waya na isome vivyo hivyo. Kimya? Umeuziwa uongo. Halisi hula kama miliampia 8 ikiwa haina mzigo. 4558 kwa kawaida haifiki hata nusu yake.

Halafu kuna wanaotoa TL072, aisii nyingine ya priampu, na kuweka NE5532 "ili isikike safi". Pini ya kuingizia sauti ya NE5532, tofauti na ya TL072, huvuta kama nanoampia 200. Kwenye rezista ya megaomu 1 hiyo ni volti 0.2 za DC, ndiyo maana kitufe cha sauti kinakwaruza kila kikizungushwa. LM4562 nayo, aisii ya kasi ya 55 MHz, mnaitupa kwenye bodi ya 4558 bila kapasita ya 100 nF hata moja. Inatetema, inachemka hadi kidole hakivumilii, mnasema ni feki. Weka nF 100 ya seramiki kutoka pini 8 hadi ardhi, nyingine pini 4, miguu ikatwe mifupi.

Muuzaji asiyekubali upime dukani kwake, mwachie mali yake.