Neuropeptidi Y na presha ya macho ya baba: naomba ushauri

MwanaKatubuka: Wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu. Baba yangu ana miaka 63 na tunaishi naye hapa Ujiji. Mwezi uliopita aligundulika kuwa na glaukoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha kubwa ndani yake: presha ya jicho la kulia ilisoma milimita 29 za zebaki na la kushoto 26, ilhali kawaida ni kati ya 10 na 21. Alipewa matone ya timolol, lakini baada ya wiki mbili ameyaacha akidai kuwa hayamwongezei kuona. Jirani yetu, mstaafu wa reli, anamwambia kuwa ugonjwa huu huletwa na hasira, kwa sababu mtu akikasirika neva zake hutoa kemikali iitwayo neuropeptidi Y, ambayo hubana mishipa ya damu na kupandisha presha ya jicho. Je, kuna ukweli, na ipo dawa ya kuizuia?

BintiIsevya (Tabora): Mdogo wangu, jirani amepatia nusu. Neuropeptidi Y, mnyororo wa amino asidi 36, kweli hutolewa na neva za simpathetiki (zile zinazoamsha mwili wakati wa hasira au hofu) pamoja na noradrenalini, kemikali nyingine ya neva hizo, na katika majaribio ya sungura imeonekana kubana mishipa ya koroidi, utando ulio nyuma ya retina (sehemu ya jicho inayopokea mwanga) ambao hupokea sehemu kubwa ya damu iingiayo jichoni. Anapokosea ni pale anapoona mtiririko wa damu na presha ya jicho kuwa kitu kimoja. Mishipa ya ndani ikibanwa, ujazo wa damu jichoni hupungua, na presha huelekea kushuka kwa muda, si kupanda. Kemikali nyingine ya neva ya aina hiyo hiyo (peptidi, yaani mnyororo wa amino asidi), iitwayo CGRP, hutanua mishipa, na kwa sungura hupandisha presha kwa sababu majimaji yenye protini huvuja na kuingia ndani ya jicho. Hata hivyo, jicho la sungura huitikia mambo haya kwa ukali kuliko la nyani au la binadamu, kwa hiyo mtu asimtibu mzee kwa matokeo ya sungura.

MvuviKatonga: Naongezea. Presha ya mzee iko juu kwa sababu maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hayatoki kwa urahisi, na timolol hupunguza utengenezaji huo. Haiwezi kurudisha uoni uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kulinda uliobaki, na hilo nadhani hakuelezwa vizuri. Damu huingia jichoni kwa tofauti kati ya presha ya mishipa na presha ya jicho, kwa hiyo presha ya mwili ikishuka mno usiku, neva ya jicho hupata damu kidogo. Je, mzee anatumia dawa ya presha? Ana pumu? Mwenye pumu hapaswi kupewa timolol.

MwanaKatubuka: Pumu hana. Dawa ya presha anainywa kila siku kabla ya kulala, na kliniki ya macho hatukuulizwa, wala sisi hatukusema.

BintiIsevya (Tabora): Basi nendeni na vidonge vyote mkononi, daktari aamue saa ya kuvinywa; msibadilishe wenyewe. Matone ayarudie leo, na akishayaweka abonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili, yasishuke kooni. Nawe upimwe, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo.

MwanaKatubuka: Ahsanteni. Jumatatu tunakwenda hospitali ya Maweni, baba, mimi na kaka zangu wawili.