Pampu ya sola ya maji moto inakwama kila mara: tuangalie nini kabla ya kununua nyingine?

Mlinda Nyumba (Nakuru)
Wakuu, habari za jioni. Ni nyumba ya wageni ya vyumba sita. Paneli mbili ziko juu ya paa, tangi la lita 300 liko chini kwenye stoo, na pampu ndogo ya kuzungusha maji imefungwa kwenye bomba la moto linaloshuka kutoka kwenye paneli. Tunatumia maji ya kisima, na stima hupotea mchana mara kwa mara. Pampu inanguruma tu, haizunguki, na hii ni ya pili. Shida ni pampu ama ni ufungaji?

Fundi Bomba
Ni ufungaji, ndugu yangu. Ihamishe kwenye bomba la baridi, lile linalotoka chini ya tangi kupanda kwenye paneli. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Stima ikipotea saa saba mchana, maji yaliyosimama kwenye paneli hugeuka mvuke. Ikirudi, pampu yako inaumeza mvuke huo. Na pampu hizi hazitiwi grisi: maji yanayopita ndani ndiyo yanayolainisha beringi. Ikizunguka kavu dakika chache tu, imeumia.

Shafti ilale sawasawa na sakafu, isisimame wima. Sanduku la nyaya lisielekee chini, maana tone moja la maji linatosha kuliunguza. Weka valvu ya kufungia kila upande, chujio kabla ya pampu, na kitoa hewa mahali pa juu kabisa pa bomba la moto.

Hiyo iliyokwama usiitupe bado. Zima stima, funga valvu, ngoja ipoe. Fungua skrubu kubwa ya katikati (maji kidogo yatatoka), ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji wa shafti, uzungushe polepole. Ikilegea lakini haianzi yenyewe, badilisha kapasita (kile kifaa kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza) kwa nyingine yenye mikrofaradi zilezile. Ikiwa ngumu, fungua bolti nne, vuta kichwa chenye mota, uloweke rota (sehemu inayozunguka ndani) nusu saa kwenye maji vuguvugu yenye gramu 50 za asidi ya limau kwa lita. Brashi ya waya usiiguse. Rudishia na gaski mpya.

Kando ya Ziwa (Kisumu)
Fundi amemaliza, naongeza mawili. Kama maji yanayopita kwenye paneli ndiyo ya kuoga, pampu ya chuma cha kawaida italiwa na kutu, kwa sababu kila siku yanaingia maji mapya yenye oksijeni. Tafuta ya shaba nyeusi au ya chuma kisichoshika kutu. La pili ni stima: pampu ya volti 12 yenye paneli yake ndogo ya umeme huzunguka jua likiwaka, stima iwepo isiwepo. Huku kwetu radi ni nyingi, na waya wa sensa ya joto ulio juu ya paa huileta moja kwa moja kwenye kontrola, kile kifaa kinachowasha na kuzima pampu. Weka kinga.

Mlinda Nyumba (Nakuru)
Asanteni sana. Na maji ya kisima? Nimeambiwa floridi ndiyo inayoziba.

Fundi Bomba
Floridi ikizidi huharibu meno, haizibi pampu. Kinachoziba ni chokaa na mchanga laini. Chungulia ndani ya birika la stima: likiwa na ukoko mweupe, mabomba yako pia yanao. Ukoko huganda kwa kasi maji yakipita nyuzi 60, hivyo usiache tangi lipande mpaka 80. Kontrola iwashe pampu paneli ikizidi tangi kwa nyuzi 7, izime tofauti ikibaki 3. Chujio lisafishwe baada ya wiki ya kwanza, kisha kila mwezi.

Kesho kabla jua halijachomoza, shika bomba la moto karibu na paa. Likiwa vuguvugu, valvu ya kuzuia maji kurudi inavuja na tangi limepoteza joto usiku kucha. Ifungue; mara nyingi utakuta punje ya mchanga imekaa kwenye kiti chake.