Ushauri: mita 3 nyumba moja, zote zinakatwa kodi ya jengo

Mpangaji_Mbagala: Wakuu, naombeni ushauri. Nyumba ya kawaida, haina ghorofa, ina wapangaji watatu na kila mmoja ana mita yake ya LUKU. Kila mwezi mita zote tatu zinakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Ukinunua umeme wa 5,000 unaambulia uniti 9.8. Ni sahihi hii? Mwenye nyumba anasema yeye haimhusu.

Mdau wa Kodi: Si sahihi mkuu. Kinachotozwa ni jengo, si mita. Tangu bajeti ya 2023/24 ni 18,000 kwa mwaka (kabla ya hapo 12,000), nyie watatu mnatoa 54,000. Mwenye nyumba aende ofisi inayosimamia kodi ya majengo eneo lenu na kitambulisho chake na namba zote za mita, aombe makato yabaki kwenye mita moja. TANESCO ni wakala wa kukusanya tu. Na inamhusu sana, maana mdaiwa ni mwenye jengo. Tunzeni meseji za tokeni, kiasi mlichokatwa kipunguzwe kwenye pango, na mliandike kwenye mkataba. Makubaliano ya mdomo hugeuka ugomvi siku ya kulipa.

Mama Uniti: Mimi naona kubwa zaidi kwenye hiyo meseji. Uniti 9.8 kwa 3,500 iliyobaki maana yake uko T1, bei ya matumizi ya kawaida: 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1% inafika 356.24. Kama wastani wako hauvuki uniti 75 kwa mwezi, omba TANESCO wakuhamishie D1, bei ya watumiaji wadogo wa majumbani, ambayo ni 100 kwa uniti, ukijumlisha makato hayo inafika 122. Uniti 60 utalipa 7,320 badala ya 21,374! Hapo ndipo mfuko unapotoboka, si kwenye 1,500. Ila angalizo: ukiwa D1, kila uniti inayozidi 75 ni 350 kabla ya makato. Ndiyo maana msije mkachangia mita moja ili kukwepa kodi ya jengo. Vyumba vitatu vyenye friji na pasi vitavuka 75 mapema tu.

Mpangaji_Mbagala: Asante dada. Na nisiponunua umeme mwezi mzima?

Mdau wa Kodi: Kato la kodi ya jengo halifutiki, linageuka deni. Ukirudi baada ya miezi miwili na 3,000 mkononi, ujue ndiyo deni lenyewe. Nenda na zaidi ya hapo.