Mate ya Jalen Carter: waliomruka kwenye drafti walikuwa sahihi?

Kijiwe_Houston
Wakuu, jana mechi ya ufunguzi wa msimu wa 2025 wa NFL, ligi ya mpira wa Marekani, Jalen Carter, mlinzi wa Eagles ya Philadelphia, kamtemea mate Dak Prescott wa Dallas Cowboys, katolewa kabla safu yake ya ulinzi haijacheza mpira hata mmoja. Sekunde sita! Nikakumbuka 2023. Katoka Chuo Kikuu cha Georgia na mataji mawili ya vyuo, wengi wanasema ndiye bora kuliko wote. Halafu Januari ile ajali ya Athens, mji wa chuo chao: mchezaji mwenzake na mfanyakazi wa timu wakafariki, polisi wakasema Carter alikuwa anashindana mbio na gari lao. Siku ya drafti, timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, akaenda namba 9. Ungekuwa wewe meneja wa timu, ungemchukua?

MzeeWaNdondo
Namba 9 ndiyo kuporomoka? Mimi nimetoka meneja wa tawi la benki Mwanza nikaja kuosha vyombo Minneapolis, hakuna aliyenifungulia uzi.

BintiMvita
😂😂 Pole mzee. Mimi ningemruka, na si kwa sababu ya polisi. Siku ya majaribio kule chuoni kwao alikuja amezidi pauni 9 kuliko alivyopimwa na NFL kule Indianapolis wiki mbili nyuma, na mazoezi hakuyamaliza. Mtu anayejua mamilioni yanamngoja, anakujaje hivyo?

Nyoka_wa_Kibisa
Watu wawili wamezikwa, dada yangu unahesabu pauni?

BintiMvita
Nimesema hiyo ndiyo ningeipima MIMI. Rosasi za mdomo pelekea mkeo.

Nyoka_wa_Kibisa
Ni risasi, si rosasi. Na sina mke.

BintiMvita
Haishangazi.

Msemakweli77
Turudi kwenye hoja. Yale yalikuwa makosa ya barabarani tu. Hakupinga mashitaka, akapewa kifungo cha nje miezi 12, faini dola 1,000 na saa 80 za kazi za jamii. Nani humu hajawahi kukanyaga mafuta kwenye barabara kuu ya I-45 saa nane usiku? Hasa nyie wa malori, ndio mabingwa wenyewe.

Dereva_Usiku
Mkuu hapo umenigusa pabaya. Lori ninaloendesha limefungwa kidhibiti mwendo, haliendi zaidi ya maili 65 hata nilikanyage kwa miguu miwili. Nyie wa vigari vidogo ndio mnaopita kama mnakimbia deni. Gari lililopata ajali Athens lilikuwa maili 104 kwa saa kwa mujibu wa polisi. Umewahi kuona maili 104 ikisimama? Mimi nimeona, I-40 upande wa Arkansas, mwaka juzi. Gari jipya kabisa, bado lina namba ya muda ya karatasi ya Texas. Gari lilikunjika, ile karatasi ikabaki safi, haina hata doa. Nilikaa pale masaa matatu. Kwa hiyo "makosa ya barabarani tu" kamwambie mtu mwingine.

Msemakweli77
Pole kaka, sikukulenga wewe. Ila Carter hakuwa kwenye gari lililoanguka.

Dereva_Usiku
Anayeshindana naye nani, kivuli?

Otieno_Philly
Ati malori hayakimbii? Mimi niliwahi kupanda basi lenu la Dar–Arusha. Tangu siku hiyo naamini Mungu.

MzeeWaNdondo
Mkenya aliyepanda matatu ya Rongai anatufundisha mwendo. Haya.

Otieno_Philly
Matatu ni utamaduni, mzee wangu. Na kwa kuwa nakaa hapa Philadelphia niwaambie: kwetu huyo kijana ni wetu. Februari tuliwapiga Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na yeye yuko palepale katikati anasukuma watu. Eagles walikuwa tayari na Jordan Davis na Nakobe Dean, wote wa Georgia. Waliokaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo chuoni walikuwa tayari kwenye mishahara yetu. Wewe Seattle, mwenye zamu namba 5, unamruka kwa kusoma magazeti.

Kijiwe_Houston
Asante, hii ndiyo niliitaka. Seattle walimchukua beki Witherspoon, naye si haba. Lakini tazameni yule mdakaji Randy Moss 1998. Alikwenda namba 20 na ngapi sijui, kwa sababu ya "tabia".

Mzaramo_wa_Dallas
21, Minnesota. Cowboys yetu ilikuwa na namba 8 ikamruka. Sikukuu ya Thanksgiving mwaka huohuo akaja kwetu, akadaka mipira mitatu tu, yote mitatu touchdown, yaani bao. Usinikumbushe, chakula kilinishuka vibaya.

BintiMvita
Na yule mrusha mipira Manziel? Cleveland walimchukua namba 22 mwaka 2014 huku dunia nzima inajua anavyopenda starehe. 2016 wakamwacha. Mnataja waliofaulu tu.

Nyoka_wa_Kibisa
Huyo hakuwa na tatizo la pauni?

BintiMvita
Wewe una nini na mimi?

MzeeWaNdondo
Mnaona? Hivi ndivyo ndoa zinavyoanza.

Msemakweli77
Neno "tabia" lenyewe ni gunia. Mchezaji Tunsil 2016 ilivuja video yake anavuta bangi, dakika chache kabla ya drafti, akashuka hadi 13. Carter ni mbio za magari. Moss ni ugomvi wa shuleni. Vyote vinatiwa gunia moja. Bangi inamwumiza nani?

Dereva_Usiku
Akiwa nyuma ya usukani, mimi.

Otieno_Philly
Na kwa jana, tazameni video mpaka mwisho. Prescott ndiye aliyetema kwanza, chini lakini. Kijana akadhani katemewa yeye. Ameshaomba radhi. Na tulishinda 24-20 bila yeye.

Mzaramo_wa_Dallas
Chini ni chini, kifuani ni kifuani.

Kijiwe_Houston
(Jumatano) Adhabu imetoka: faini dola 57,222, na mechi ile aliyotolewa imehesabiwa kuwa ndiyo aliyofungiwa. Swali langu bado liko pale juu. Mngemchukua?

Dereva_Usiku
Samahani mleta mada. Kuna mtu yuko I-40 karibu na Memphis usiku huu? Saa zangu za kuendesha zinazoruhusiwa kisheria zinaisha na maegesho yote yamejaa.

Nyoka_wa_Kibisa
Vuka daraja uje West Memphis, kaka. Kituo cha pili mkono wa kulia, nyuma kwenye changarawe huwa panabaki nafasi. BintiMvita, wewe uko jimbo gani?