Naomba ushauri: seli T zinakua fresh halafu zinakufa, nipunguze IL-2?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko kwenye risechi ya masters, naotesha maabara seli T (seli nyeupe za kinga) za binadamu, nazistua kwa vishanga vyenye kingamwili za CD3 na CD28 (protini za juu ya seli T zinazoiamsha) halafu naweka IL-2 (saitokini, yaani protini ya kuzikuza) yuniti 100 kwa mililita, kila baada ya siku 2 naongeza. Wiki ya kwanza zinazaliana mpaka raha, ila ikifika siku ya 10 hivi zinaanza kufa na zinazobaki nyingi ni CD8 (seli T za kuua) zilizokomaa mno, zile changa za kumbukumbu hazipo kabisa. Nimebadili chakula chake, nimepunguza msongamano, vishanga natoa siku ya 3, wapi!

Najua IL-2 ni msumeno, inakuza seli na hapohapo inaziandaa kufa, tena inazilisha sana zile za breki (zinazotuliza kinga) zenye CD25 (kipokezi cha IL-2) nyingi. Mwenzangu anasema nitumie IL-7 na IL-15, saitokini nyingine. Sasa nihamie huko tangu siku ya 0 au nikishatoa vishanga? Na nikibaki na IL-2, nishuke mpaka yuniti ngapi ili CD4 (seli T saidizi) zisipotee? Saitokini bei yake mnaijua, siwezi kujaribu zote.