Tupeane uzoefu: umewahi kukaa na filamu isiyo na rangi, ya taratibu, yenye huzuni tupu, ukaimaliza?

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nimeangalia The Turin Horse ya Béla Tarr, Mhungaria, ya mwaka 2011. Leo Jumatano bado nausikia ule upepo masikioni. Naomba aliyewahi kuangalia filamu ya namna hii atuambie ilikuwa wapi, alikuwa na nani, na ilimfanya nini.

Naanza mimi, wa Kimara. Filamu ina dakika 146 na vipande 30 tu vya kamera, kwa hiyo kipande kimoja ni kama dakika tano bila kukatwa. Inaanza na sauti inayosimulia kisa cha Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, mjini Turin, Italia, tarehe 3 Januari 1889, alivyomkumbatia farasi aliyekuwa akichapwa. Baada ya hapo ni mzee ambaye mkono wake wa kulia haufanyi kazi, binti yake, na farasi. Siku sita. Binti anamvalisha baba, anachota maji, anachemsha viazi. Kila mtu kiazi kimoja, kinamenywa kwa vidole kikiwa cha moto, chumvi kidogo, basi.

Dakika ya ishirini nilishashika simu. Halafu binti akatoka kwenda kisimani, upepo unataka kumvua nguo, anavuta ndoo, anamimina, anarudi, na kamera iko naye mgongoni muda wote. Nikaweka simu chini. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatubana, nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda kupanga madumu. Dumu la lita 20, mpini unakata kiganja, unabadilisha mkono kila ukifika nguzo ya umeme. Sikuwahi kuona filamu ambayo maji yanabebwa kwa muda uleule yanaobebwa. Kwingine mtu anashika ndoo, mara yuko jikoni. Siku ya nne ya filamu, binti anakuta kisima kimekauka, na mimi nilisimama kitandani.

Karibuni.

Mchangiaji wa Mbagala
Mkuu, mimi nilikuwa na kibanda cha video. Wateja wangu walizoea filamu zilizotafsiriwa, ile sauti ya mfasiri inayoeleza kila ngumi. Usiku mmoja nikaweka hiyohiyo ya farasi baada ya mpira kuisha, bure, anayetaka abaki. Walibaki saba. Baada ya nusu saa tukawa wawili: mimi na mzee mmoja mlinzi wa duka la jirani, anayeingia kusubiri zamu yake.

Nilijiandaa kumtafsiria maandishi ya chini. Hakukuwa na la kutafsiri, wale hawaongei. Mzee alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. Farasi alipokataa majani, nikamwambia, "Amegoma, babu." Akasema, "Huyo hajagoma. Huyo ameaga." Akanisimulia punda wake kule Dodoma, alivyoacha kula akiwa hana kidonda wala homa, akawa anaangalia ukuta tu. Alimkalia siku tatu. Nilionyesha filamu miaka tisa pale, za ngumi, za mapenzi, za Kihindi, na sijawahi kuona mtu akiangalia kama yule mzee.

Mchangiaji wa Kigamboni
Mimi umeme ulikuwa umekatika, mtaa mzima giza, naangalia kwa betri ya leptopu. Siku ya tano taa zao zinakataa kuwaka na mafuta yamo. Nimekulia kwenye kibatari, najua mkono unavyotetemeka utambi usiposhika moto. Sikuendelea. Nilimaliza kesho yake mchana, mlango wazi.

Mchangiaji wa Upanga
Kaka zangu, mmeongelea upepo, kisima na farasi. Yule binti je? Anayemvua baba viatu ni nani? Anayefua, anayechota, anayepika, anayewasha moto? Mimi niliiona ukumbini, na mama, tukiwa tumebaki watu wachache. Nikimwangalia binti nilikuwa namwona shangazi aliyemuuguza babu miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Nilimkasirikia yule mzee, kwa kweli.

Halafu siku ya sita. Moto hakuna, viazi ni vibichi. Baba anamwambia ale, lazima wale. Binti hali. Anainamisha macho, kimya. Filamu nzima alikuwa anatii, hapo tu hakutii. Mama alinishika mkono mpaka taa za ukumbi zikawashwa.

Mwanzisha mada, Kimara
Dada, asante. Nimeirudia jana usiku nikimwangalia yeye peke yake. Kuna mahali anakaa dirishani, mgongo kwetu, nje hakuna kitu ila vumbi na mti mmoja mlimani. Mara ya kwanza niliona kipande kirefu mno. Jana niliona ndiyo mapumziko yake pekee, nikatamani kisikatwe.

Mkuu wa Mbagala, yule babu bado yupo? Ningependa kumsikia mwenyewe habari za punda wake.

Mchangiaji wa Mbagala
Yupo, siku hizi analinda upande wa Zakhem. Njoo baada ya magharibi, nitakupeleka.